Nyumba Yako Inalala

Kwako Bibi yangu, mke mwenzangu,

Kabla sijakusalimu, acha nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Simu ikilia na nikasikia naitwa niongee, huwa natafuta pa kujificha. Nyumbani hujifungia bafuni nikafungua maji. Huku kwa Baba Mdogo, kila unapopiga unaambiwa nimekwenda kisimani. Bibi, hakuna binadamu anayechota maji kiasi hicho. Nakuwa nyuma ya banda la mbuzi, nimeziba masikio. Usidhani sikupendi. Mdomo wangu una mlango mzito, kalamu yangu haina, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Sasa shikamoo, Bibi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele, na yule jirani wa ghorofa ya juu ameacha kuburuta meza alfajiri. Dawa ya kuchua unaitumia, au bado unaificha chini ya mto na kusema imekwisha? Baba na Mama hawajambo? Mdogo wangu mwambie namwona hata nikiwa mbali, na viatu vyangu avirudishe chini ya kitanda. Mimi sijambo, isipokuwa malengelenge ya kisigino cha kushoto, nayo nimeyatafuta mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimwombe mtu akusomee. Tafadhali soma mwenyewe, karibu na dirisha, ukiwa umekaa.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Siku niliyoondoka ulifungua fundo la kanga yako ukanipa ufunguo wa nyumba yako ya mlimani. Ulisema nifungue madirisha, nifagie, nifunge, na asilale mtu humo mpaka utakaporudi kwa miguu yako mwenyewe. Maneno hayo uliyarudia, kwa miguu yako mwenyewe, kwa sababu siku ya kushuka walikubeba kwenye kiti kama biharusi na mpaka leo hujawasamehe. Nimekwenda, Bibi. Nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nilichokikuta nitakueleza na sitapunguza kitu, ila niruhusu nifike kwa mwendo wangu, maana nikianzia hapo hutasoma yaliyobaki.

Hukuwahi kuniambia kwamba huku asubuhi hutangulia kusikika kabla ya kuonekana. Naamka, nafungua dirisha, dunia haipo. Ni weupe mtupu. Halafu nasikia jogoo, halafu ufagio, halafu kikohozi cha yule mzee wa ng'ombe, halafu mtoto anagomba kwamba uji ni wa moto. Baadaye nyumba zinaanza kutokea moja moja, kama kuna mtu mahali anazikumbuka: kwanza paa, kisha mlango, kisha mama aliyeinama mlangoni. Ukungu unaingia jikoni bila hodi, unakaa kidogo, unatoka. Nikitembea ndani yake nahisi nimo katika usingizi wa mtu mwingine, na nanyata nisije nikamwamsha.

Wale wageni wa kutembea milimani, ambao zamani ulikuwa ukiwaona wakipita mmoja mmoja, sasa wamekuwa wengi. Wanakuja na mabegi mgongoni na fimbo za kukunja, wanalala kijijini, asubuhi wanapanda hadi kwenye mgongo wa mlima, wanazungukia maporomoko ya maji, jioni wanarudi kula. Watu wa huku wamewapa jina, wanawaita Enda-Rudi. Jirani yetu msuka vikapu alimuuliza Baba Mdogo hao Enda-Rudi wanafuata nini huko juu. Akaambiwa hawafuati kitu. Akauliza basi wanapeleka nini. Akaambiwa hawapeleki kitu. Alifikiri kidogo, akauliza kama kweli hata kuni hawarudi nazo. Baba Mdogo akamweleza kwamba wanakwenda kuangalia, na wakifika kileleni wanaangalia huku chini walikotoka. Jirani alicheka mpaka akajichoma na sindano yake ya kusukia, akasema angejua mapema angewauzia kigoda wakaangalia wakiwa hapa hapa.

Nilicheka pamoja naye, lakini kimoyomoyo nawaelewa. Ukiwa kule juu, kijiji kinatosha kwenye kiganja cha mkono. Moshi wa kila jiko unapanda peke yake, halafu mahali fulani hewani unaungana wote na huwezi tena kusema huu ni wa nani.

Baba Mdogo alinipa kazi ya kuwatangulia wageni njiani, kwa sababu yeye ana shamba na wanawe bado ni wadogo. Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa fundi saa, mtu mpole mwenye kofia pana. Aliniuliza maporomoko yako wapi. Nikamjibu kule, kwa sauti yangu ya darasani, macho kwenye viatu vyangu. Akashukuru, akaacha chupa yake ya maji kwenye benchi akisema kama ni kule tu haina haja ya kujitwisha mzigo. Bibi, tulitembea. Jua likapanda na sisi tukapanda. Kila akiuliza nilisema kule, na kila nikisema kule alinitazama kama saa iliyoletwa kwake ikiwa imesimama. Tulipofika alikunywa maji ya mto akiwa amelala kifudifudi kama ndama.

Jioni Mama Mdogo aliposikia alicheka hadi akaweka mwiko chini. Akaniambia kule na kuleee si ndugu, hata kwenye harusi hawaalikani. Alinisimamisha uani akanifundisha. Hapo ni kwa kunyoosha mkono. Pale ni kwa kuvaa viatu. Kule unapovuta kidogo, mtu achukue maji. Kuleee inayopanda mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi, hiyo mtu aage watoto kabisa. Alisema mtu asiyejua kuvuta neno ataua wageni kwa kiu, na kwamba vitabu vyangu vimenifundisha kuandika neno lakini si kulirusha. Nikafanya mazoezi mbele ya mbuzi. Siku ya kwanza mbuzi waligeuka kuniangalia, na nikaona haya mbele ya mbuzi. Siku hizi navuta bila aibu. Huenda hutaamini, lakini Baba Mdogo anasema sauti yangu inasikika mpaka kisimani.

Habari ya chakula nayo utaipenda. Mwanzoni Mama Mdogo alikuwa akiwapikia wageni tambi na samaki wa kopo kutoka dukani, kwa kuona aibu ya chakula chetu. Wageni walikula kwa adabu, kimya, kama watu walio kwenye mtihani. Sisi tulikuwa jikoni na maharage, majani ya maboga na viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Jioni moja yule fundi saa aliacha sahani yake mezani, akaifuata harufu, akapiga hodi jikoni na kuuliza kama kuna nafasi. Akakalia kile kigoda cha watoto, magoti yamefika masikioni, akapewa kiazi. Alikipuliza, akakimenya, akafumba macho. Mama Mdogo akamuuliza kama kimemuunguza. Akasema hapana, amekumbuka tu kitu ambacho hakijui. Tangu hapo wageni wote wanakula jikoni na makopo yanakusanya vumbi. Mama Mdogo anasema kumbe alikuwa anawalisha vya kwao, na wao wamesafiri mbali kuja kula vya kwetu.

Sasa nakuja kwa mgeni mmoja, Bibi, maana bila yeye nisingepata nguvu ya kukuandikia. Ni mkunga mstaafu. Tunamwita Mama Mkunga. Ni mkubwa kwako kwa umri, nisamehe, nilimuuliza. Anatembea kwa fimbo mbili. Alishushwa na lori la mboga pale dukani barabara inapoishia, akaangalia juu, akasema anapanda. Baba Mdogo akataka kuita vijana wambebe. Mama Mkunga akamwambia amewapokea watu wengi duniani wakija kwa kutanguliza miguu, hivyo anaijua miguu, na kwamba yeye atabebwa siku moja tu na siku hiyo hatakuwa na la kusema.

Nikaambiwa nimtangulie. Tuliondoka ukungu ukiwa bado chini. Kila ua tulioufikia alikaa. Kwa mzee wa ng'ombe alikunywa maziwa na kusikiliza habari ya ndama aliyezaliwa na alama ya nyota. Kwa msuka vikapu alishika ukindu, akasuka mistari yake ya kombo, wakataniana hadi nikadhani wamekua pamoja. Niliposimama kumngoja kwa kuhangaika, aliniambia miguu yake haijakosa lolote, wanaokosa ni wanaoiharakisha. Akaniambia nikae. Nikakaa. Sikujua kwamba njia ile ina vitu vingi hivyo: ndege anayeita kama anauliza swali, mvuke unaotoka kwenye udongo jua likiugusa, kelele za maji ambazo huzisikii ukitembea.

Palikuwa na mahali pamoja pagumu, ule mwinuko wa udongo mwekundu juu ya nyumba ya msuka vikapu. Unaujua, ndipo kiti chako kilipotaka kupinduka. Hapo fimbo zake ziliteleza, akashuka hatua alizopanda, akakaa chini. Niliona machozi yake, akaniona nimeyaona. Akasema nimpe mkono na nisimwambie mtu. Tulipanda kwa magoti, Bibi, mimi na yeye, kama watoto wawili, tukafika juu na kanga zetu nyekundu kwa udongo. Alicheka sana. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika mahali pa kulala.

Na mahali hapo ni nyumbani kwako.

Hiki ndicho nilichokikuta siku yangu ya kwanza. Kufuli lako lilikuwa limening'inia wazi. Baba Mdogo alilifungua kwa msumari, kwa heshima, hakulivunja. Ndani jiko lilikuwa na moto. Soksi za mtu zilikuwa zinakauka kwenye kiti cha Babu. Kwenye dirisha lako la bondeni kulikuwa na kikombe na miwani. Nilisimama na ufunguo wako kama mtu aliyepeleka mwaliko kwenye harusi iliyokwishaanza.

Unakumbuka ile siku ulipopiga simu, ukaambiwa nipo kisimani, ukamuuliza Baba Mdogo, nyumba yangu je? Alikuwa ameweka sauti kubwa kwa sababu ya mikono yenye udongo, na siku hiyo sikuziba masikio, nikasikia kila neno. Alikujibu, inalala, mama, inalala vizuri. Ukashukuru Mungu. Ukacheka, ukasema iacheni ilale, utakuja kuiamsha mwenyewe. Bibi, Baba Mdogo hakusema uongo, ila hakumaliza sentensi. Nyumba yako inalala watu. Inalala watu wanne, watano wakibanana. Wewe ulisikia kwamba imefumba macho inakungoja, naye akakuacha usikie hivyo. Nilimwona alivyokata simu. Alikaa akaangalia mikono yake muda mrefu.

Nilimuuliza, na yeye akanijibu, nami nakupa jibu lake kama alivyonipa. Anasema ulipoondoka nyumba ilianza kujiachia. Mchwa waliingia chumba cha nyuma, ukuta ukawa unamomonyoka kwa kuguswa tu, boriti moja ukiigonga inalia kama filimbi. Akawa anapanda kila jioni kuwasha moto ili moshi uwafukuze wadudu. Lakini anasema kuwasha moto usiootwa na mtu kulimuuma, alijiona kama anayepikia marehemu. Siku moja mvua kubwa ikamkuta mgeni njiani, akamfungulia. Asubuhi mgeni alikuwa amefagia ua. Akaja mwingine, akaziba dirisha. Fundi saa amekutengenezea ile saa ya ukutani, inatembea. Ukuta umesimama, mchwa wamehama. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo Baba Mdogo alivyoniambia, halafu akageuza uso.

Kama ni hilo tu, Bibi, ningekuachia yeye akueleze. Lipo jingine. Nilikuwa naosha vyombo jioni, nikamsikia akiongea na Baba kwenye simu. Alisema mama harudi tena huku, wewe unajua na mimi najua, ila nani atamwambia. Baba alijibu kitu, wakaanza kuzungumzia mbolea. Nilibaki na sufuria mkononi. Hapo nikaelewa kwamba siri yenyewe haiko kwenye soksi za wageni. Wote wanakuambia utarudi na hakuna hata mmoja anayeamini. Wanakuitikia kama mtoto anayesema akikua atakuwa ndege. Wanakupenda, ndiyo maana. Lakini mimi ni mke mwenzako, na wake wenza huambiana ukweli hata kama wanagombania mume aliyekwishakufa.

Nikwambie na la Mama Mkunga. Alilala kwenye kitanda chako. Asubuhi nilimpelekea uji, nikamkuta ameketi anatazama bonde likijaa na kumwagika ukungu. Akaniuliza mwenye kitanda hiki yuko wapi. Alisema kwenye godoro kuna bonde dogo upande wa dirisha, na alipojilaza humo usingizi ulimchukua kabla hajavua leso, akaota ndoto ambazo zilimshangaza kwa sababu zilikuwa na watu asiowajua, wote wakimsalimia kwa furaha. Nilimwambia mwenye kitanda yuko mjini, ghorofani, na magoti hayamruhusu. Hakusema pole. Aliuliza kama tulizungumza na magoti au na watoto wa mwenye magoti.

Sijui kama utaweza kupanda, Bibi. Mimi si daktari, na nimekuona ukiamka usiku ukishika ukuta. Siwezi kukuahidi kitu. Ninachojua ni kwamba nimemwona mtu mkubwa kwako akiondoka dukani asubuhi na kufika mlangoni kwako jioni, na katikati alicheka, akalia, akanywa maziwa. Ukisema wageni watoke, nitawatoa mimi, kwa sauti yangu mpya. Ukisema walale, walale kwa ruhusa yako na si kwa msumari. Na ukisema unakuja, niambie ni lini. Nitakungoja pale lori linapoishia, na kila ua tutakaa.

Msalimie Baba, msalimie Mama, na usiwagombeze mpaka umemaliza kikombe cha chai. Mama Mdogo anakusalimu sana na anakutumia maharage kwenye kifurushi hiki. Watoto wanakusalimu, yule wa mwisho ameota meno na anauma kila kinachopita. Jirani msuka vikapu anauliza lini utakuja umalizie ule mkeka mliouanza, maana upande wako umebaki na mapengo.

Nilipofika hapo sikuifunga barua. Nilikwenda nayo kwa Baba Mdogo, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa anatoa matope kwenye kwato za mbuzi, nikamwambia asikilize. Nikaisoma yote, nimesimama, mpaka mwisho. Sauti haikukatika. Aliniomba nirudie pale alipokuwa akiongea na Baba. Nikarudia. Hakusema niifute. Alichukua jembe akatoka, nikadhani amekasirika, nikamfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mwinuko wa udongo mwekundu akaanza kukata ngazi. Msuka vikapu akatoka akamtania kwamba sasa Enda-Rudi wanatandikiwa njia kama wafalme. Baba Mdogo akamjibu bila kuinua kichwa kwamba hizi ni za mama. Yule jirani aliingia ndani, akarudi na sururu ya marehemu mumewe. Mimi nikaanza kuokota mawe bapa mtoni na kuyapanga kila ngazi inapokatwa. Baba Mdogo anazikata fupi fupi, anasimama, anazijaribu kwa kupanda polepole kama mtu mwenye magoti mabaya, kisha anazipunguza tena. Tumefika katikati. Alama hizi kwenye karatasi ni udongo wa vidole vyangu. Lori la mboga linaondoka sasa hivi, nampa dereva barua hii, halafu narudi kwenye mawe.

Mjukuu wako na mke mwenzako,
mimi.